Buruji Ikibadilika, Kikosi Hubaki Kikosi?

Usiku mmoja wa mwezi wa Novemba, baada ya sala ya isha, nilipigiwa simu na mpwa wangu aliyehamia Marekani, jimbo la Ohio, yapata miaka ishirini sasa. Huyu ni mtu wa simu fupi: hujambo, sijambo, pesa za mama zimefika, haya kwaheri mjomba. Siku hiyo alishika simu hata chai yangu ikapoa na kashata zikaliwa na watoto.

Bintiye, mwenye umri wa miaka 17, anapuliza klarineti katika bendi ya gwaride ya skuli yake, na anaipuliza vizuri. Sasa ameng'ang'ania kuingia katika kile ambacho wenyewe hukiita kikosi cha buruji na ngoma, na huko ameambiwa kwa adabu lakini bila kuzungushwa: klarineti hatupokei. Ukitaka kuja, njoo na ala ya shaba. Mpwa wangu amekasirika. "Mjomba," akaniambia, "vinanda vya umeme wanavyo, vipaza sauti wanavyo, tromboni wanazo. Wamebakisha nini hata wamfungie mtoto mlango kwa ajili ya kijiti chake? Si bendi tu hiyo, wamejipa jina jingine?"

Nilimwomba anipe siku kumi. Mimi si mpiga tarumbeta. Mimi ni mtunzi wa mashairi, na elimu yangu ya kwanza niliipata chuoni, juu ya jamvi, mbele ya mwalimu ambaye akisikia matarumbeta ya harusi yanapita kichochoroni alikuwa akipandisha sauti ya kusoma ili sisi tusiyasikie. Tuliyasikia, na tukitoka tuliyafuata. Huenda ndiyo sababu jambo hili la watu wa mbali halikunipita hivi hivi. Swali alilouliza mpwa wangu ni swali ambalo sisi watu wa Pwani tumeulizana mara nyingi katika baraza zetu, juu ya taarab na juu ya ushairi: kitu kikibadilishwa viungo vyake kimoja kimoja, ni lini kinaacha kuwa kile kitu?

Kwanza nimweleze msomaji jambo lenyewe, maana hapa kwetu tukiona watu wamevaa sare wanakwenda na matarumbeta tunasema "beni" na maneno yameisha. Wamarekani wanatenga. Bendi ya gwaride ni mali ya skuli au chuo kikuu. Msimu wake ni wa mpira wao wa miguu, ambao, ajabu ya Mungu, huchezwa kwa mikono, na ndani ya bendi hiyo mna kila kipulizwacho: filimbi, klarineti, saksafoni, tarumbeta, tromboni, na ngoma za kila namna. Kikosi hakina skuli. Ni jumuiya inayojitegemea, ya vijana ambao wakishafika miaka 21 au 22 sharti watoke. Huingia kwa kujaribiwa, hulipa maelfu ya dola kutoka mifukoni mwao, na kiangazi kizima huwa safarini kwa mabasi, wakilala juu ya sakafu za kumbi za michezo, wakifanya mazoezi juani tangu asubuhi na kushindana usiku. Taabu yote hiyo ni kwa ajili ya onyesho moja ambalo halizidi kama dakika kumi na mbili, walirudialo mji baada ya mji hata mashindano makuu ya mwezi wa Agosti.

Na mpaka wao wa kale ulikuwa mmoja: shaba na ngoma. Basi. Pamoja na washika bendera na warusha bunduki za mbao, lakini hao hawapulizi kitu.

Mpaka huo haukuwekwa na mwanamuziki. Uliwekwa na hali. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia askari waliorudi nyumbani waliunda chama chao, American Legion, mwaka wa 1919, na buruji na ngoma za kijeshi zilikuwa rahisi kupatikana kuliko ala nyingine yoyote. Mnamo 1921 chama hicho kilikuwa kishaanza kushindanisha vikosi vyake katika mkutano wake wa taifa. Baadaye makanisa na maskauti nao wakaunda vya kwao kwa ajili ya vijana. Buruji ya jeshi ni bomba la shaba lililokunjwa, halina hata kidude kimoja cha kubonyeza. Mpulizaji ana pumzi yake na midomo yake, na sauti chache tu ambazo bomba lenyewe limekubali kuzitoa. Nyimbo zote za kambini, ya kuamka, ya kula, ya kuzika, zimetungwa kwa sauti hizo chache.

Aliyewahi kuingia Makumbusho ya Lamu na kuiona siwa ya shaba, na ile ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate, ataelewa upesi. Siwa nayo haina kidude. Umbo lake limeamua itasema nini, na mpulizaji hana budi kulitii. Hapana aliyemwendea mwenye siwa akamlalamikia kuwa haiwezi kupiga wimbo fulani wa Kihindi. Siwa ilikuwa ikisema neno moja, na mji mzima ulilijua neno hilo.

Lakini Wamarekani si watu wa kukaa na neno moja. Waliongeza vali moja, kile kidude cha kubonyeza kinachorefusha njia ya pumzi ndani ya bomba na kuzaa sauti mpya. Kisha wakatia nyingine ya namna ya kuzunguka. Mwaka wa 1971 viongozi wa vikosi vya vijana walichoka kutungiwa sheria na vyama vya askari wa zamani, wakaanza kujitenga, na ndipo likazaliwa shirika la Drum Corps International, kwa ufupi DCI. Ubingwa wake wa kwanza ulichezwa mwaka wa 1972 katika mji wa Whitewater, Wisconsin, na kikombe kikachukuliwa na Anaheim Kingsmen wa California. Tangu hapo ikawa wanaotunga sheria ndio hao hao wanaozicheza, na mlango ukawa hauna komeo. Mwaka wa 1977 zikaruhusiwa buruji za vali mbili za kusimama. Mapema miaka ya 1980 marimba na ngoma kubwa za sufuria, ambazo mpaka wakati huo mchezaji alikuwa akizibeba kifuani huku anatembea (mgongo wake anaujua yeye), zikaruhusiwa kuwekwa chini mbele ya uwanja. Mwaka wa 1990 ikaja vali ya tatu. Mwaka wa 2000 ikaondolewa sharti ya kuwa buruji zote ziwe za ufunguo wa G, na vikosi vikaanza kununua ala za ufunguo wa kawaida, zile zile za skuli. Msimu wa 2004 vipaza sauti vikaingia, kwa marimba na kwa sauti ya mtu. Mwaka wa 2009 vikaingia vinanda vya umeme. Na mwaka wa 2014 ikasemwa kwamba ala yoyote ya shaba ni halali: tromboni, honi ya Kifaransa, susafoni, zote.

Kila hatua katika hizo, wazee walisema kikosi kimekufa. Nimesoma na kusikiliza maneno yao mengi katika zile siku kumi, na sikuwacheka, kwa kuwa nawajua; wamo katika kila baraza ya Mombasa. Wengine walikuwa na haki na wengine walikuwa na uchungu tu. Ni vitu viwili hivyo.

Chukua hili la ufunguo wa G. Wenye masikio wanasema buruji za G zikipulizwa pamoja zilikuwa na ukali wa pekee, sauti iliyokuwa ikimpiga msikilizaji kifuani, na kwamba ala za skuli ni laini zaidi, zimelingana mno. Wako wazee ambao mpaka leo huzikusanya buruji za G na kuzipuliza katika vikosi vya watu wazima ili sauti hiyo isipotee. Nawaamini. Lakini nani aliiondoa? Zaidi ya fundi wa muziki, mhasibu. Buruji ya G ilikuwa ikitengenezwa kwa ajili ya vikosi tu. Ikichakaa hakuna wa kuinunua. Ala ya kawaida kikosi huipiga msimu mmoja au miwili, kisha huiuza kwa skuli, na pesa hurudi. Palipo na mabasi ya kutiwa mafuta na vijana zaidi ya mia na hamsini wa kulishwa kila siku, hesabu hiyo ina nguvu kuliko hoja ya sikio. Kikosi cha Cadets, kilichoanza New Jersey mwaka wa 1934 na kutwaa ubingwa mara nyingi, kilifungwa mwaka wa 2024 kwa mambo ya fedha na mahakama. Vali hazikuwamo katika kesi hiyo.

Juu ya vali na ufunguo, basi, mimi siwi upande wa wazee. Aliyekuwa akipuliza buruji ya vali moja na aliyekuja akapuliza ya vali tatu ni watu wa nyumba moja. Wote wawili wametegemea midomo, na mapafu, na bomba la shaba, na wote wawili wanaijua ile hofu ya sauti kukatika mbele ya watu elfu ishirini. Tromboni nayo ni ndugu yao, ingawa ana mkono mrefu. Kumkataa ilikuwa ni ukaidi wa kifamilia, kama nyumba isiyotaka kumtambua mtoto wa mke mdogo.

Na sisi Pwani tusijifanye wageni wa mambo haya. Leo ukimwambia kijana wa Mombasa akutajie ala ya taarab ya kwetu, hatachelewa kuitaja taishokoto. Ile sauti ya nyuzi za chuma zinazobonyezwa kwa vifungo kama vya taipureta imekuwa ni sauti ya harusi zetu. Ukiisikia dirishani unajua u wapi. Basi taishokoto ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka wa 1912, na ikapitia Bara Hindi kabla ya kufika huku. Imekuja, imekaa, imeoa, na leo ni mwenyeji kutushinda baadhi yetu. Ugeni wa ala si hoja. Umri wake si hoja. Hoja ni kazi inayofanya ndani ya nyumba: imekuja kusaidia au imekuja kutwaa?

Hapo ndipo ninapofika kwenye umeme, na hapo ndipo nilipokaa siku nyingi zaidi.

Niwape haki yao walioutaka. Kabla ya 2004 mpiga marimba aliyewekwa mbele ya uwanja alikuwa na msiba. Nyuma yake wako makumi ya wapulizaji shaba. Ili asikike ilimlazimu apige kwa nyundo ngumu na kwa nguvu zake zote, na miti ya marimba, ambayo asili yake ni upole, ikageuka kuwa sauti ya mifupa. Walimu walikuwa wakifundisha vijana ufundi mbaya kwa makusudi. Kipaza sauti kiliwaruhusu wapige kama marimba ipigwavyo. Hoja hii ni nzuri na sioni jibu lake, na mimi ambaye jina la ala hiyo ni neno la nyumbani kwetu sina moyo wa kutaka ipigwe vibaya.

Lakini mlango ukifunguliwa kwa ajili ya mgonjwa, wazima nao huingia. Baada ya miaka mitano tu kikaingia kinanda cha umeme. Na kinanda hiki si ala kama nyingine. Tarumbeta ni tarumbeta. Ukiipuliza hutapata zeze. Kinanda cha umeme hakina sauti yake. Kina sauti za wenziwe wote: fidla, filimbi, kwaya ya watu mia, mvua, radi. Kukiruhusu si kuruhusu ala moja zaidi. Ni kuiondoa orodha yenyewe huku umeiacha karatasi ukutani.

Niliangalia maonyesho mengi ya zamani na ya karibuni. Katika ya karibuni, wakati shaba zote zinapoinuka pamoja, mara nyingi chini yake kuna mngurumo mzito utokao katika spika, unaojaza kila pengo. Mashabiki wa huko wameupa jina la kejeli ambalo kwa Kiswahili ningelisema "uji wa radi". Wamepatia. Wapulizaji wa sauti nene, wale waliobeba begani dude la shaba kama mtoto aliyelala, wamefanya kazi miezi kuitafuta sauti hiyo ya chini, na mtu mmoja kwa kidole anawafunika. Msikilizaji hajui tena anachokipigia makofi. Katika onyesho la mwaka wa 1975 au 1985, ukisikia kishindo ulijua ni mapafu ya watoto wale pale mbele yako. Hapakuwa na mahali pengine kishindo kingeweza kutoka.

Nisije nikasema uongo, umeme huo umezaa pia mambo mazuri. Mwaka wa 2014 kikosi cha Bluecoats, cha huko huko Ohio alikohamia mpwa wangu, kilitoa onyesho liitwalo Tilt, na katika onyesho hilo sauti ya umeme ilipindwa pamoja na sauti ya shaba, ikapanda na kushuka kama meza iliyoinamishwa vyombo vikaanza kuteleza. Nililirudia mara nne. Ilikuwa fikira ya kweli, na haingewezekana kwa shaba peke yake. Lakini jambo moja lililofanywa na hodari mmoja halihalalishi uzembe wa wengine kumi waliomuiga. Tunayo haya kwetu pia. Kinanda cha umeme katika taarab kilipokuwa mkononi mwa fundi kilishika nafasi yake nyuma ya mwimbaji. Ilipofika miaka ya 1990, na vikundi vya taarab ya kisasa, kilishika nafasi ya fidla, ya nai, ya ganuni na ya dumbaki kwa pamoja, na waliokuwa wakikaa chini kusikiliza maneno wakasimama kucheza. Sisemi ni haramu kucheza. Nasema waliobaki wamekaa waliona kimya kimya kwamba wamealikwa katika shughuli nyingine.

Sasa turudi kwa mtoto na klarineti yake.

Sheria ya 2014 ilipozifungulia shaba zote, ala za mwanzi hazikuingia. Filimbi, klarineti na saksafoni zilibaki nje, na mpaka huo ndio uliobaki kusema hiki ni kikosi na kile ni bendi. Wengine huutazama wakasema ni mabaki tu, ukuta mmoja wa nyumba iliyokwisha kubomoka. Aidha, bendi za skuli zenyewe, tangu miaka ya 1970, zimeiga vikosi kwa mwendo, kwa bendera, kwa namna ya kupanga onyesho. Na walimu aghalabu ni wale wale, kiangazi wako kikosini na vuli wako skuli. Maadam mambo mengine yote yamefanana, kwa nini kugombania kijiti?

Mpwa wangu ana hoja kali zaidi ya hizo, ingawa hakuisema kwa maneno haya. Kinanda cha umeme kinaweza kutoa sauti ya klarineti. Kwa hiyo klarineti ya uongo inaweza kupita mlangoni ilhali ya kweli, pamoja na mtoto aliyeisomea miaka sita, inazuiliwa. Hilo ni jambo la aibu, na sidhani yupo awezaye kulitetea akiwa na uso mkavu.

Lakini dawa yake ni ipi? Mpwa wangu anasema: fungueni. Mimi nasema mmefungua pabaya, rudini mkafunge.

Nitasema kwa nini, na itanibidi niingie katika ufundi wangu. Mtunzi wa shairi la tarbia anayo mistari minne katika ubeti, mizani kumi na sita katika mstari, kina cha kati na kina cha mwisho. Mtu wa nje huona hizo ni pingu. Hajui kwamba neno zuri kupita yote niliyowahi kuliandika lilikuja kwa sababu neno nililolitaka halikuingia. Lilikuwa na silabi moja zaidi. Nikakaa nalo tangu magharibi hata usiku wa manane, ndipo likaja lile jingine, ambalo nisingelikwenda kulitafuta kamwe kama mlango wa kwanza ungekuwa wazi. Kunyimwa ndiko kulikonilisha.

Ilipotoka Kichomi ya Euphrase Kezilahabi mwaka wa 1974 nami nilikuwa ningali mtoto, lakini moto wa mjadala ule ulikuwa haujazimika nilipobaleghe, na nimeota majivu yake katika kurasa kama hizi. Sikuwahi kusema kwamba Kezilahabi hana ushairi. Mwenye masikio hawezi kusema hivyo. Nilisema, na nikali nikisema, kwamba kitu kile kinahitaji jina lake na mahakimu wake, na kwamba anayetaka uhuru huo asije akauchukua ndani ya nyumba ya tarbia, kisha akashangaa kuona haina tena kuta.

Kikosi ni tarbia. Ala zake ni chache kwa makusudi. Bendi ina rangi zote za muziki, na ni kitu kizuri, wala haina haja ya kuonewa huruma. Kikosi kilijinyima nusu ya rangi hizo, na kwa kuwa kimejinyima kililazimika kuzipata zote ndani ya shaba. Upole wa filimbi uliwalazimu wautafute katika tarumbeta inayopulizwa kwa pumzi ya mtu anayebembeleza mtoto. Wazee hawakuwa wakililia ile buruji iliyopotea. Walikuwa wakiililia hiyo kazi. Vali tatu hazikuiondoa kazi hiyo, wala tromboni. Umeme ndio ulioiondoa, na uliiondoa bila vita kubwa kama ile ya vali, kwa kuwa watu waliutazama kama taa za uwanjani, si kama ala. Klarineti ingalikuja baadaye kukamilisha tu. Na ikishaingia, jina la kikosi litabaki kwenye sare.

Historia ya huku kwetu inao ushahidi. Beni, ambayo chimbuko lake ni Pwani hii hii mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa ni watu wa mitaa kuchukua mwendo wa kijeshi na shaba za Wazungu na kuzigeuza kuwa ushindani wa ngoma. Mombasa palikuwa na Kingi na Scotchi, na wakati wa Vita vya Kwanza Marini na Arinoti walienea na askari na wapagazi hata bara mbali. Mwanahistoria Terence Ranger aliyaandika haya katika kitabu chake cha mwaka wa 1975. Ilipofika Ziwa Nyasa, mahali ambapo shaba ilikuwa taabu kuipata, watu walichukua vibuyu, wakatia utando mwembamba, wakaimba ndani yake hata vikavuma kama matarumbeta. Mwendo ulibaki, safu zilibaki, vyeo na sare vilibaki. Lakini wenyewe hawakuendelea kuiita beni. Huko Malawi waliiita malipenga, na hata leo inachezwa kwa jina hilo. Hawakuona haya kukiri kuwa ala ilipobadilika walikuwa wamezaa mtoto, na mtoto hupewa jina.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu siku ya kumi na moja. Alinyamaza kwa muda, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mjomba, umesema kama wale wazee wao."

"Nusu," nikamjibu. "Tromboni nimewaachia."

Hakucheka. Akasema kwamba mtoto wake ameumia, na kwamba mimi nazungumza habari za nyumba na kuta huku mwanawe amelala akilia. Hilo lilinichoma, na sikuwa na la kusema. Ni kweli. Sheria ya sanaa ni tamu kwa aliye ndani; aliye nje haoni ila mlango. Na mtoto wa jina kama lake, katika nchi ile, ameona milango mingine ambayo haikuwa na sababu nzuri hata moja. Nilimwambia kwamba laiti ningekuwa na amri huko, ningeanza kwa kuvizima vinanda, hapo ndipo ningekuwa na uso wa kumwambia binti huyu akaiache klarineti nyumbani. Kumwambia leo, na spika zimejipanga mbele ya uwanja, ni kumtaka atii sharti ambalo wakubwa wake wameshalikiuka.

Zikapita wiki mbili. Juzi simu ikalia tena, na mara hii alikuwa ni yeye mwenyewe, si babake.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba mwanangu."

Akaniambia amekodi melofoni. Ni ala ya shaba, mdomo wake umetazama mbele, na watoto wengi wa klarineti na saksafoni huko huishika hiyo wanapotaka kuingia kikosini. Klarineti hakuiacha, ataendelea nayo skuli. Alisema midomo inamwasha, na kwamba kwa klarineti vidole ndivyo vinavyojua kazi, lakini kwa kitu hiki vidole vitatu tu ndivyo vyenye shughuli, na mengine yote yako katika uso wake na tumbo lake. Majaribio ya mwisho ni mwezi ujao na hajui kama watamchukua.

"Nikupulizie?" akaniuliza.

Nikamwambia apulize. Ilitoka sauti kama ya ng'ombe aliyekanyagwa mkia, ikakatika. Akaomba radhi, akavuta pumzi, nami nilimsikia akiivuta, kutoka Ohio. Nikamwambia apulize tena.